Mrija wa Akarwa

Jumamosi ya tarehe 17 Julai 1993, saa nane mchana, wanaume ishirini na watatu walikuwa wameketi kwenye viti vya kukodi uani kwa Jean-Bosco, wakinywa pombe ya mtama kwa mrija mmoja. Jean-Bosco alikuwa anamwoza mpwa wake. Mtungi ulikaa katikati juu ya kata ya majani makavu ya mgomba. Kila mmoja alisogea kwa zamu yake, akainama, akavuta mara mbili, akafuta ncha ya mrija kwa kiganja na kumpa anayefuata. Mwenye nyumba alionja kwanza, kisha wakanywa wazee, kisha wenye kazi za ofisini, kisha hao wengine.

Wa mwisho alikuwa Niyonzima, muuza mbao. Hakuwa mdogo wa umri. Aliwekwa mwisho kwa sababu alikuwa wa chama kingine. Alipoinama aliona mrija umezidi urefu kwa shibiri moja na ncha imepinda kuelekea langoni. Mrija wenyewe ulikuwa bua la tete lililokaushwa tangu Mei. Niyonzima akatoa kisu, akaikata ile shibiri, akanywa.

"Matete ya mwaka huu yanakua," akasema.

Jirani yake akakubali kwamba yanakua, wakarudi kuzungumzia bei ya saruji.

Nje ya lango, juu ya jiwe, alikuwa ameketi Nyiransabimana, mwanamke wa miaka hamsini na mitano, aliyeufinyanga huo mtungi. Mfinyanzi lazima awepo, kwa sababu mtungi mpya huweza kupasuka pombe ikichacha, na yeye ndiye mwenye ulimbo wa kuziba ufa. Alikuwa hapo tangu asubuhi, na maji yake ya kunywa aliyatoa kwake.

Akarwa, kwa Kinyarwanda, ni kisiwa kidogo. Ni kilima cha nyumba themanini hivi chini ya mtaa wa Muhima, Kigali, na masika yakija bonde hujaa maji pande tatu. Upande wa nne una barabara nzuri tu ya kwenda mjini, lakini wenyeji hawapendi kutajiwa upande wa nne. Mtu akizaliwa kisiwani hupenda kujiona mmoja wa wachache, na barabara huharibu hesabu hiyo.

Kiangazi ndicho msimu wao. Kuanzia Julai hadi mwisho wa Agosti hakuna Jumamosi inayopita bure. Huwa na mechi ya waliooa dhidi ya makapera, ambayo waliooa hushinda kila mwaka kwa sababu mwamuzi ameoa. Huwa na siku ya kwaya, ambapo kwaya mbili za kanisa moja huimba wimbo mmoja ili ijulikane ipi ni bora, na haijulikani. Harusi hujaza zilizobaki. Yote haya yaliendeshwa na Kamati ya Kiangazi, watu saba, ambayo ilipata muhuri kabla ya kupata kazi. Jean-Bosco, mwenye duka la vitambaa, alikuwa mwenyekiti. Mwalimu Athanasie alikuwa katibu. Ratiba ya msimu iliandikwa kwenye boksi lililokunjuliwa na kutundikwa langoni kwa mwenyekiti, na asiyekuwamo kwenye boksi hilo hakuwa na sherehe. Angeweza kupika na kualika atakavyo. Watu wangepita mlangoni kwake wakienda kwingine.

Vita vilikuwa kaskazini, na waliovikimbia walikuwa wamejaa chini ya maturubai mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka hapo. Akarwa ilichanga nguo kuukuu mara moja, ikajipongeza mara tatu. Tangu vyama viwe vingi, watu wa kilima hicho hawakuwa wanakubaliana juu ya lolote. Waligawanyika kwa rangi za kofia, kwa redio walizosikiliza, kwa nani amsalimie nani kwanza. Jean-Bosco na Niyonzima hawakuwa wamepeana mkono tangu mwaka uliotangulia. Wahutu wa Akarwa na Watutsi wa Akarwa walichunguzana hata wakiwa kwenye foleni ya maji. Jambo moja tu liliwaunganisha wote, na hawakuwahi kulifanyia mkutano: Nyiransabimana hapewi mrija. Alikuwa Mtwa, wa kabila dogo la wafinyanzi.

Mwaka huo Nyiransabimana alikuwa na haja ya mrija. Spès, binti yake wa pekee, alikuwa amechumbiwa na Karangwa, makanika wa malori pale Nyabugogo. Karangwa alizaliwa Ngara, Tanzania, ambako baba yake alikwenda zamani kutafuta kazi na kufia huko. Alikuja Kigali na lori lililoharibika, akalitengeneza, lori likarudi na yeye akabaki. Kinyarwanda chake kilikuwa cha salamu na vipuri. Kiswahili chake kilikuwa kirefu mno kwa wenyeji, ambao humaliza shauri zima kwa "iko" na "haiko."

Aliyesimama mahali pa baba yake alikuwa baba mdogo, Gakwaya, mwenye baa ndogo kule Gisimenti. Gakwaya alikuwa mtu mwema, mradi wema usimtoe kwenye kiti. Aliposikia mchumba ni nani alitoa sharti.

"Sina neno na msichana, na mama yake sina neno naye," alisema. "Lakini ukoo hauwezi kwenda kuoa mahali ambapo majirani wenyewe hawanywi. Nimwone mtu mmoja wa Akarwa akipokea mrija kutoka kwa yule mama, anywe. Mmoja tu. Siku hiyohiyo nazungumza habari ya ng'ombe."

"Kwa nini usinywe wewe, baba mdogo?" Karangwa akauliza.

"Mimi siwezi kuwa wa kwanza," akasema Gakwaya, kwa sauti ya mtu aliyeeleza kila kitu.

Nyiransabimana akaenda kwa kamati kuomba Jumamosi. Iliyobaki ilikuwa moja, tarehe 28 Agosti. Athanasie akaiandika harusi ya Spès kwa penseli, akaweka alama ya kuuliza mbele yake. Alisema wino umekwisha. Kalamu ya wino ilikuwa imechomekwa kwenye nywele zake.

Tarehe 24 Julai, baada ya waliooa kushinda, mrija ulikua tena. Niyonzima alikuwa hajaumaliza mvuto wake wa pili ulipomtoka mdomoni, ukapita juu ya mabega ya makapera, ukatoka langoni na kusimama mbele ya uso wa Nyiransabimana. Tone moja la pombe likakaa nchani, halikuanguka. Mwanamke aliliangalia. Hakunyoosha mkono. Baadaye Spès alimuuliza kwa nini, naye akamjibu kwamba mrija hupewa. Anayejichukulia amekunywa pombe tu. Baada ya saa nzima makapera walichoka kuinama kila walipopita, wakaenda kuleta msumeno.

Kamati ilikutana Jumatatu. Katika kumbukumbu za mkutano, Athanasie aliandika kwamba mrija umekuwa ukirefuka kuelekea kwa mfinyanzi, jambo linalosumbua upangaji wa viti. Mjumbe mmoja akapendekeza mfinyanzi asogezwe mbali. Hakuna aliyependekeza jambo jingine, na kwa kuwa pendekezo lilikuwa moja, kura hazikupigwa.

Basi siku ya kwaya Nyiransabimana aliwekwa ng'ambo ya barabara. Mrija ulivuka barabara. Teksi moja ya kutoka mjini ikasimama, dereva akasubiri, kisha akateremka na kuuinua kwa fimbo ili gari lipite. Jumamosi iliyofuata mwanamke aliambiwa abaki nyumbani kwake kabisa, huko chini ukingoni mwa bonde anakochimba udongo. Akihitajika na ulimbo ataitwa. Mrija ulishuka kilima kizima. Ulipita juu ya bati la Athanasie, ukakatiza shamba la viazi vitamu, ukaingia uani kwa Nyiransabimana na kusimama mbele yake alipokuwa akiponda udongo. Alikuwa na mikono michafu. Aliutazama kwa muda, akaendelea kuponda. Alitamani kuunywa kiasi kwamba meno yalimuuma, lakini mwisho wa pili wa mrija ule haukuwa na mtu.

Juma hilohilo mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha, na redio zote zikausema. Kamati ikaona haiwezi kuachwa nyuma na Arusha. Ikafuta mashindano ya kuvuta kamba yaliyopangwa tarehe 21 Agosti, ikaandika Sherehe ya Amani. Watu wa vyama vyote watakunywa mtungi mmoja kwa mrija mmoja, mbele ya konseye, mkuu wa sekta. Mtungi uwe mkubwa kuliko yote iliyowahi kuonekana Akarwa. Athanasie akatumwa kwa Nyiransabimana kuuagiza, akasimama nje ya ua na kusema kwa sauti, kama kawaida yake, akionyesha kipimo kwa mikono.

Karangwa aliona hapo ndipo mahali. Siku ya amani watu hawawezi kukataa. Akapanda kwenda dukani kwa Jean-Bosco akiwa ameosha mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akaomba kujua, kwa adabu zote, kamati inamwonaje mama mkwe wake mtarajiwa.

Jean-Bosco alimsikiliza huku akikunja kitambaa. Hakuwa na ubaya na kijana huyu, na aliona heri amweleze ukweli mapema.

"Sikia, kijana yangu," akasema. "Hatuna shida na ule mama. Mitungi yake iko mizuri sana. Lakini sisi hapa tunamunena. Iko hivyo. Ba sogokuru walikuwa wananena mama yake, ba papa wakanena, na sisi tunamunena. Iko kitu ya zamani, hakuna mutu anaweza kuibadirisha."

Karangwa aliona machozi yanamlenga. Kwa Kinyarwanda, kumnena mtu ni kumwonea kinyaa, kutokula wala kunywa pamoja naye. Lakini Karangwa alilisikia neno hilo kwa masikio ya Ngara. Kwa Kiswahili chake kunena ni kusema, tena kusema kwa uzito, kama anenavyo askofu. Alielewa kwamba kilima kizima kinamtaja mama huyu kwa heshima tangu enzi za mababu.

"Na siku ya amani mtamnena pia? Mbele ya wageni?"

"Tutamunena," Jean-Bosco akasema. "Hata konseye akiwa pale."

Karangwa alimshukuru kwa mikono miwili, akashuka kilima mbio. Nyiransabimana alikuwa amepiga magoti, anazungusha ukingo wa mtungi wa amani. Karangwa akamweleza yote.

"Wanakunena, mama. Mwenyekiti kaniambia kwa kinywa chake. Tangu mababu."

"Alisema kwa lugha gani?"

"Kiswahili, mama. Tungeongea lugha gani?"

Nyiransabimana alimtazama. Alijua Kiswahili cha soko na Kinyarwanda cha mama yake, na hakuhitaji mtu kumwambia ni neno lipi kati ya yale mawili limesemwa dukani. Lakini alikuwa hajapata kumwona mtu akitweta kwa furaha kwa ajili yake, akaona vibaya kumharibia.

"Basi nitavaa mshanana," akasema.

Mshanana wake, vazi la sherehe la kufunga begani, ulikuwa sandukuni tangu alipozikwa mumewe.

Tarehe 21 Agosti bango la kitambaa lilitundikwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine: MRIJA MMOJA, MTUNGI MMOJA, AKARWA MOJA. Kitambaa kilitoka dukani kwa mwenyekiti, na jina la duka lilikuwapo chini, kwa herufi kubwa kidogo kuliko za amani. Mtungi ulifika kiunoni mwa mtu mzima. Konseye aliketi mbele. Gakwaya alikuja kutoka Gisimenti amevaa koti, akapewa kiti cha wageni. Karangwa na Spès walimleta Nyiransabimana hadi langoni, na kwa kuwa kamati ilikwisha kubali kwamba kumweka mbali hakusaidii, hakuna aliyemfukuza. Aliketi kwenye jiwe na mshanana wake. Spès alisimama nyuma yake, amemshika bega.

Zilisomwa hotuba nne. Jean-Bosco na Niyonzima walibadilishana kofia, wakapigiwa makofi, kisha kila mmoja akairudisha ya mwenzake haraka kabla haijapigwa picha. Jean-Bosco akaonja. Akafuta ncha kwa kiganja, akampa Niyonzima, na Niyonzima akanywa mahali alipotoka kunywa mtu aliyemwita msaliti mbele ya kanisa siku ya Pasaka. Wanawake wakapiga vigelegele. Konseye akanywa, wazee wakanywa, makapera wakanywa. Mdomo wa Akarwa nzima ulipita kwenye bua moja la tete.

Wa mwisho alipomaliza, mrija uliondoka. Ulipita juu ya magoti ya konseye, naye akainua bilauri yake ya soda usije ukaimwaga. Ulipita chini ya bango, ukatoka langoni, ukasimama mbele ya mdomo wa Nyiransabimana na tone lake nchani.

"Tuendelee na programu," akasema Jean-Bosco.

Karangwa akasimama. Alikuwa na shati jipya.

"Samahani, mwenyekiti," akasema. "Uliniahidi. Ulisema mama huyu mnamnena, na babu zenu walimnena mama yake, na kwamba leo mtamnena mbele ya konseye. Baba mdogo wangu ametoka Gisimenti kuja kusikia. Basi mneneni."

Walioelewa Kiswahili na Kinyarwanda walitazamana. Jean-Bosco alikohoa, akajibu bila hasira.

"Tuko tunamunena," akasema. "Si hii? Huoni?"

Spès aliinama akamnong'oneza Karangwa maana ya neno. Ilimchukua maneno manne tu. Karangwa alibaki amesimama, na damu ikampanda usoni hadi masikioni. Hakuwahi katika maisha yake kujionea aibu namna ile, ingawa aibu haikuwa yake. Kisha akaushika mrija, akafuta ncha kwa kiganja chake, akapiga goti na kumpa mama mkwe wake kwa mikono miwili.

Nyiransabimana akanywa. Alivuta mara mbili kama kila mtu. Akasema pombe imezidi uchachu kidogo, lakini ni nzuri. Kisha akafuta ncha kwa kiganja, akasimama, akaingia langoni na kumpa mrija aliyekuwa karibu zaidi, naye alikuwa Niyonzima.

Niyonzima akatazama saa yake. Nyiransabimana akaugeuza kwa Jean-Bosco, ambaye alikuwa anatafuta karatasi. Akaugeuza kwa konseye. Konseye alikuwa bado na soda. Wazee waliangalia mtungi. Kwaya zote mbili ziliangalia chini, kwa pamoja, jambo ambalo hazijawahi kuliweza katika kuimba.

"Mtu mmoja tu," Gakwaya akasema kutoka kwenye kiti cha wageni, karibu kwa kubembeleza.

Mkono wa Nyiransabimana ulikuwa bado umenyooshwa.

"Mbona mnakunywa baada yangu kila Jumamosi?" akasema. "Mtungi ukitoka motoni ukapoa, naujaza maji, naweka mdomo ukingoni, nanywa pande nne, nijue kama unatoa ladha ya moshi. Huu nimeunywea juzi. Hakuna mtungi hapa Akarwa ambao sikuunywea mimi kwanza."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na hakuna aliyeshindwa kumsikia. Wazee wawili walijifuta midomo. Athanasie alikuwa anaandika kumbukumbu. Aliandika: Mfinyanzi alieleza habari za udongo.

Karangwa akaupokea mrija, akanywa kwa nguvu, mara tatu badala ya mbili. Akamgeukia baba yake mdogo.

"Wewe ni bwana harusi," Gakwaya akasema. "Bwana harusi hahesabiki."

Alisema akiwa amevitazama viatu vyake. Aliinuka, akashukuru kwa makaribisho, akafunga vifungo vya koti na kushika njia ya mjini. Alikuwa na kiu kali. Alipofika Muhima alisimama dukani akanunua fanta.

Kuhusu mtungi, kamati ilikata shauri hapohapo. Pombe ilikuwa bado zaidi ya nusu, lakini chombo alichonywea yule mama mbele ya macho ya watu hakingeweza kutumika tena. Ulikuwa mzito. Jean-Bosco alishika upande mmoja, akashindwa. Niyonzima akavua kofia, akashika upande wa pili. Wakauinua kutoka kwenye kata, wakauviringisha hadi ukingoni mwa kilima, wakihesabu moja, mbili, tatu, wakausukuma. Ilikuwa kazi ya kwanza waliyoifanya pamoja tangu vyama vianze, na waliifanya vizuri. Konseye aliwapigia makofi. Mtungi ulipasukia bondeni karibu na shamba la viazi, na bata wa Athanasie wakainywa ile pombe bila kuulizana nani atangulie.

Alhamisi yake Karangwa na Spès waliondoka na lori la chumvi lililokuwa likirudi tupu Tanzania. Walimsihi mama waende wote. Alisema udongo wa huko haujui, na mtu wa umri wake hawezi kuanza kujifunza udongo. Spès alilia hadi lori likawashwa. Nyiransabimana alimfunga binti yake kitambaa kichwani, akakifungua, akakifunga tena vizuri zaidi. Kisha lori likaenda, na yeye akasimama barabarani kwenye upande wa nne wa Akarwa mpaka vumbi likatulia.

Mrija ulibaki. Mtungi ulipoviringishwa, mrija ulichomoka, nao kabla ya jioni ulikuwa umejinyoosha wenyewe kutoka uani kwa mwenyekiti hadi mlangoni kwa Nyiransabimana, mita mia tatu na kitu, umekaza kama kamba ya simu. Msumeno haukuuweza tena. Kwa siku mbili watu waliulalamikia. Siku ya tatu Athanasie alianika shuka zake, na ikaonekana kwamba bua la tete halitoi kutu kama waya. Kufikia katikati ya juma nguo za nusu ya kilima zilikuwa juu yake. Mahali ulipokatiza njia ulikuwa chini kidogo, na kila aliyepita ilimbidi ainame kuelekea nyumba ya mfinyanzi. Waliinama asubuhi na jioni, kofia za kila rangi. Waliinama wasijigonge.

Ratiba langoni ilikuwa na Jumamosi wazi. Mara tu baada ya ile sherehe, Jumapili kabla ya misa, Athanasie alikuwa amekwisha kuifuta penseli ya harusi ya tarehe 28 Agosti kwa mate na kidole, akaandika juu yake kwa wino: Kufunga Kiangazi. Kisha akashuka hadi nje ya ua wa Nyiransabimana.

"Mwenyekiti anataka mtungi mwingine," akasema. "Wa Jumamosi hii."

"Siku sita ni chache."

"Jua ni kali."

Nyiransabimana alikubali kwamba jua ni kali.

"Na anasema safari hii usiujaribu," Athanasie akaongeza. "Usiunywee."

"Nisipounywea nitajuaje kama unavuja?"

Athanasie alifikiri. Alikuwa mwalimu, na alizoea kuwa na jibu.

"Usivuje," akasema.

Nyiransabimana alifinyanga Jumapili hiyohiyo mchana. Aliuanika siku nne akiugeuza kufuata jua, na siku mojawapo kati ya hizo ndiyo aliyomsindikiza binti yake. Ijumaa aliuchoma. Jumamosi alfajiri aliujaza maji, akapiga magoti, akaweka mdomo ukingoni na kunywa pande nne. Upande wa nne ulikuwa na moshi. Akamwaga, akajaza tena, akanywa tena, mpaka moshi ukaisha. Halafu akaubeba kichwani, akaupandisha kilimani chini ya shuka na suruali za watu, akauweka langoni.

Pombe ilipotiwa na mrija mpya kuchomekwa, Jean-Bosco aliinama akavuta mara mbili. Akasema huu ni bora kuliko hata ule wa amani, hauna ladha ya moshi kabisa, bila shaka kwa sababu haukuchezewa. Akafuta ncha kwa kiganja, akampa Niyonzima, naye akanywa na kukubali. Nyiransabimana alikuwa nje ya lango na ulimbo wake. Alikuwa amevaa mshanana, kwa kuwa ilikuwa siku ya harusi ya binti yake.